Zulia la Mama Queen

Shirati,
14 Aprili 2024

Mama Queen,

Nimesikia mko wazima. Mimi magoti yananiuma lakini naishi. Salamu zimeisha, sasa tuzungumze.

Hellen alipita kwenu wiki ya Pasaka akitokea Kisesa. Jana amefika hapa kwangu, na kabla hajanywa hata maji ameniambia kwamba sebuleni kwa kaka yake kuna sakafu tupu. Vigae vinang'aa, makochi yamepangwa, ila zulia la sufu hakuliona. Alipokuuliza ulimjibu "lipo", ukakimbilia jikoni kuangalia wali. Sasa nakuuliza mimi, na kwenye barua hakuna jikoni pa kukimbilia. Lipo wapi?

Usinipigie simu. Ukipiga, Elias anakunyang'anya anaanza kunichekesha, na nikishakata nakuta sijajibiwa kitu. Andika. Bahasha mpe kondakta wa basi la asubuhi pale Nyamhongolo, huku nina mtu wa kunipokelea.

Zulia lile nilikaa nalo miezi kumi na moja. Manyoya niliyafuata mwenyewe ng'ambo ya Sirari, nikayaosha, nikayasokota, nikafuma kwenye mtambo wa masista kule milimani Tarime nilikojifunza kazi. Baada ya hapo vidole vilikataa, sijafuma lingine. Nilikukabidhi wewe siku ya harusi, mbele ya wazee wenu wote wa Kisukuma. Sikumkabidhi Elias.

Najua ulichofanya, maana ndicho mnachofanya wote. Kitu kizuri ni cha wageni. Umelikunja, umelitia kwenye nailoni ya godoro, umelisimamisha nyuma ya kabati likisubiri mgeni wa maana. Nondo hawasubiri mgeni, Mama Queen. Wanapenda giza na mahali ambapo hapaguswi, na viwavi wao wanakula sufu kama mbuzi aliyeingia shambani. Litoe leo. Litandike, likanyagwe kwa miguu mitupu, hiyo ndiyo kazi yake. Kila miezi mitatu uligeuze, upande wa mlangoni uende dirishani, lichakae sawasawa. Mara moja kwa mwezi litoe nje asubuhi, mgongo juu, ulipige kwa fimbo laini. Ukilaza kitu chochote cha sufu stoo, weka majani makavu ya mwarobaini.

Agosti nakuja. Nikikuta limeharibika nalichukua, nampa Hellen. Na unajua kwetu inavyosemwa: kitu alichopewa mkamwana kikirudi kwa mkwe, watu huanza kuuliza mkamwana naye anarudi kwao lini.

Mama mkwe wako,
Selestina Ajwang

*

Kiseke, Mwanza,
21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Queen anakusalimu, amepoteza meno mawili ya mbele na anajivunia. Pole na magoti.

Ni kweli Mama, nililikunja. Nisamehe. Wale wadudu wa ziwani walikuja kwa wingi mwezi wa tatu, wakajaa ukutani na kwenye taa, nikaogopa watalichafua. Nimekuelewa, na yote uliyoandika nimeyasoma mara mbili.

Naomba nikuulize jambo, kwa kujifunza tu. Tuseme zulia la sufu limemwagiwa maji ya matope, na mtu asiyejua akalisugua kwa brashi ngumu na sabuni ya unga. Afanyeje anayetaka kuliokoa? Na kama limebaki na maji ndani, lianikwe kwenye kamba?

Elias hajambo. Tangu achaguliwe mzee wa kanisa ana vikao vingi.

Mkamwana wako,
Teodora Malimi

*

Shirati,
28 Aprili 2024

Mama Queen,

"Tuseme." Nimeishi miaka sabini na moja, sijaona mtu akiuliza dawa ya nyoka wakati nyoka hayupo chumbani. Nani amemwaga maji? Nani ameshika brashi?

Haya, sikiliza, maana zulia halina kosa. Sabuni ya unga ni adui. Inaingia ndani ya sufu, haitoki, inakaa humo ikivuta vumbi hadi zulia linakuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe. Suuza kwa maji baridi na kitambaa, kidogo kidogo, hadi povu liishe. Maji ya moto yatalisinyaza. Usisugue. Kandamiza kwa kitambaa cheupe cha pamba, ukianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati. Maji ya mwisho tia siki kijiko kimoja. Kamba usithubutu: sufu iliyolowa ni nzito, itajivuta na zulia litatoka pembe nne likawa na pembe sijui ngapi. Lilaze juu ya kichanja, kivulini, upepo upite chini.

Hasira niliyo nayo siwezi kuimaliza kwenye karatasi. Ninyi watu wa mjini mnafua kila kitu kana kwamba ni sare ya shule. Mwalimu mzima, unafundisha watoto wa watu kusoma, umeshindwa kusoma mkono wa mtu aliyefuma!

Nijibu maswali yangu mawili.

Selestina Ajwang

*

Kiseke,
12 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani.

Maji walimwaga watoto wa jirani. Brashi nilishika mimi. Nimekosa, Mama, sina la kusema.

Nilifanya ulivyoelekeza, na povu lilipungua sana. Ila kuna doa jekundu ambalo halikutoka, na kabla sijafika mtu alishalimwagia dawa ya kung'arisha mashuka. Pameingia weupe wa manjano, na nikigusa nyuzi zinakatika. Je, panaweza kurudi? Zamu yangu ni kila Jumamosi ya pili, kwa hiyo siwezi kuzuia yote, lakini nikipata neno lako nitajaribu.

Naomba usiongeze hasira. Nimeshapata ya kunitosha.

Teodora

*

Shirati,
19 Mei 2024

Teodora,

Leo nakuita kwa jina, maana jina la Mama Queen nilikupa kwa heshima na heshima imepungua.

Palipopigwa dawa ile pamekufa. Hakuna siki, hakuna ndimu, hakuna maombi. Dawa hiyo inaila sufu yenyewe, siyo doa. Hata masista walikuwa wakiifungia kabatini tusiifikishe karibu na mtambo.

Sasa nieleze. Tangu lini mwanamke mwenye nyumba yake akawa na zamu ya usafi sebuleni mwake? Kila Jumamosi ya pili! Hizo Jumamosi nyingine anafagia nani? Na hilo doa jekundu ni la nini, na huyo "mtu" ni mtu gani? Kila barua yako inaleta mtu mpya asiye na jina.

Siombi maelezo tena, maelezo yako nimeyachoka. Kata kipande cha matamvua, urefu wa kidole, cha upande unaokanyagwa zaidi. Kitie kwenye karatasi, ukunje, unitumie. Wewe unaweza kunidanganya. Uzi nilioufuma mimi hauwezi.

Selestina Ajwang

*

Kiseke,
26 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Matamvua haya hapa. Nimekata jana.

Teodora

*

Shirati,
2 Juni 2024

Teodora,

Nimeuweka uzi kwenye sahani nyeupe nikaumwagia maji baridi, nikauacha kwa muda wa kuchemsha mihogo. Niliporudi, chini ya sahani kulikuwa na mchanga mwekundu, changarawe zilizokatika kama chupa, na kiplastiki cheusi ambacho sikukijua. Nikamwonyesha Hellen. Akasema, Mama, hicho ni kile kigoroli cha chini ya kisigino cha kiatu cha mwanamke.

Mwanangu, zulia la nyumbani linachakaa kwa nyayo. Linalainika, linalala upande mmoja, linanuka jasho na mafuta ya kujipaka. Hili limekanyagwa na viatu. Viatu vingi, vya watu wazito, vingine vya kisigino kirefu. Na kwenu viatu vinabaki barazani, hata askari wa mtaa nilimwona akivua vyake. Kwa hiyo zulia haliko nyumbani kwako.

Nimelala na jambo hili siku tatu na nimelipata. Unalikodisha. Umewapa wapambaji wa kumbi, wanalitandika kwenye sherehe za harusi, maharusi wanacheza juu yake na visigino vyao, divai inamwagika, vijana wa ukumbi wanalipiga brashi na dawa, na wewe una zamu yako ya Jumamosi. Njia ya mwongo ni fupi, Teodora. Yako haikufika hata miezi miwili.

Nilikuwa nikiwaambia wanawake wenzangu huku kwamba Msukuma wangu ana mikono ya kutunza vitu. Leo naona haya. Sisubiri Agosti. Nitakapokuja nitalichukua, nitampa Hellen, na nitasema sababu mbele ya ndugu zako. Jiandae.

Selestina Ajwang

*

Kiseke,
9 Juni 2024

Mama Selestina,

Shikamoo, nakupa kwa sababu nimelelewa. Lakini barua hii nimeiandika nikiwa na hasira, na sitaisafisha.

Mimi si mwizi. Sijakodisha kitu. Zulia lako liko kanisani.

Alhamisi kabla ya Pasaka nilitoka kazini nikakuta sakafu tupu. Kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa na Askofu anakuja, na mbele ya madhabahu palikuwa na sakafu ya saruji. Wazee wa kanisa wakaulizana nani ana kapeti. Mwanao akanyoosha mkono. Hakuniuliza. Jumapili ya Pasaka Mchungaji Luhende akamsimamisha mbele ya watu, akasema Mzee Elias Odoyo amemtolea Bwana kapeti, na mwanao akashika kipaza sauti akasema ameliagiza Uturuki kupitia kwa rafiki yake. Uturuki, Mama! Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa safu ya mwisho na Queen mapajani. Queen akasema kwa sauti, "Si la bibi hilo?" Nikamziba mdomo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimziba mtoto mdomo.

Nyumbani nilimwambia alirudishe. Akasema kilichotolewa madhabahuni hakirudi. Nikamwambia basi nimweleze Mama. Akasema, mwambie, presha impande afe, na msiba uwe wako. Nikanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema afanyeje anayeficha uchi wa mume.

Pale kanisani wanawake wa usafi wanalisugua kila Jumamosi kwa brashi ile ya kusugulia baraza. Wanadhani wanalitunza. Niliomba niwekwe kwenye zamu. Maswali yote niliyokuuliza yalikuwa ya pale. Barua zako nilikuwa naenda nazo kwenye mkoba. Nimepiga magoti kwenye lile zulia na kitambaa cheupe cha pamba, nakandamiza kutoka ukingoni kwenda katikati kama ulivyoandika, hadi mke wa mchungaji akaniuliza kama nimeanza kuabudu sanamu. Doa jekundu ni divai ya Meza ya Bwana. Dawa aliimwaga mama mmoja kwa nia njema kabisa. Na matamvua uliyotaka niliyakata nimejificha nyuma ya mimbari kama mwizi kweli.

Na wewe ukaandika kwamba unaona haya kwa ajili yangu.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Ulisema umenipa zulia. Miaka minane umeniuliza habari zake kuliko habari zangu. Nilipopoteza mimba ya pili ulipiga simu, ukanipa pole, kisha ukauliza kama zulia halikupata damu. Hukujua nilisikiaje. Mwanao amelichukua kwa sababu anajua ni la mama yake. Wewe unataka kumpa Hellen kwa sababu unajua ni lako. Mimi ni wa kulipigia magoti tu. Kama ulinipa, ni langu, na nani alikanyage nitasema mimi. Kama hukunipa, njoo ulichukue, umpe unayempenda, na mniache nipumue.

Teodora Malimi

*

Kiseke,
24 Juni 2024

Mama,

Nimepiga simu mara kumi na moja hupokei. Nimeona lugha unayoisikia ni ya karatasi, basi na mimi naandika.

Mama, kwa nini? Mtoto wako wa kiume wa pekee! Umetoka Shirati bila kuniarifu, umelala sijui wapi, na Jumapili unaingia kanisani katikati ya matangazo. Nilikuona nikafurahi. Nilisimama nikupokee, nikafikiri nitakutambulisha. Ukanipita kama nguzo ya umeme.

Ukaenda hadi mbele. Ukavua viatu, ukavishika mkononi, ukapiga magoti. Watu wakadhani unaomba, kwaya ikaanza hata kupiga kinanda polepole. Kumbe unakunja pembe ya kapeti! Ukamwita Mchungaji asogee, ukamwonyesha zile herufi zako mbili za nyuzi nyeusi kwa chini, ukamuuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Mchungaji, Uturuki wanaandika Selestina Ajwang?"

Watu mia tatu, Mama. Kuna waliocheka. Mwenyekiti wa wazee alicheka, nilimwona.

Hata hapo nilikuwa tayari kuomba radhi na mambo yaishe. Mchungaji alikuuliza kwa upole kama unaridhia liendelee kuwa la kanisa, kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe. Ungesema ndiyo tu! Ungebarikiwa wewe na mimi ningepona. Ukasema siyo lako. Ukanyoosha kidole safu ya mwisho, ukasema, "Mwenyewe yule pale, mke wa huyu. Nilimpa mbele ya wazee wao. Muulizeni yeye."

Na Mchungaji akamuuliza. Mke wangu, ambaye nyumbani nikikohoa ananiletea maji, akasimama akasema, "Nalichukua." Hakusema hata samahani. Mkalikunja ninyi wawili mbele ya macho yangu, mkalibeba mabegani mkatoka nalo katikati ya safu, Queen nyuma yenu amebeba viatu vyako. Hakuna aliyetuaga. Nilibaki nimeshika kikapu cha sadaka.

Mnanihukumu kwa kipi? Nimeiba? Nimempa mwanamke? Nimempa Mungu! Wenzangu kule wana magari, wana maduka, wanasimama kuahidi mabati na saruji. Mimi ni mtunza ghala wa vifaa vya watu. Siku moja nilitaka na mimi nitoe kitu. Ningesema limefumwa na mama yangu kijijini wangeona ni mkeka. Ndivyo watu walivyo, Mama, sikuwaumba mimi.

Nimemwambia Teodora alirudishe Jumapili ijayo na aombe radhi madhabahuni, la sivyo mimi naondoka nyumbani. Unajua amenijibu nini? Amesema begi liko juu ya kabati, zipu inasumbua kidogo.

Nimechukua likizo. Jumamosi nakuja kwako. Natumaini wewe bado ni mama yangu.

Mwanao,
Elias Odoyo

*

Shirati,
14 Julai 2024

Mama Queen,

Barua hii ataileta Elias kwa mkono wake. Hajui kilichoandikwa, nimeifunga kwa uzi na gundi.

Kwanza lililo langu. Kuhusu mimba ile. Nimekaa na sentensi yako mwezi mzima. Sikumbuki kuuliza hivyo, na najua niliuliza, kwa sababu inafanana na mimi. Nilikukosea. Kuhusu wizi nilikukosea vilevile. Nilikuwa na hasira nyingi nikakupa wewe zote kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unajibu barua. Siku ile kwenye bajaji, zulia likiwa limetulalia mapajani, nilitaka kukuambia nikashindwa, nikaanza kukufundisha namna ya kulikausha. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa. Hellen nimemwambia asitaje zulia mbele yangu tena, na amenuna.

Sasa la mwanangu. Alifika na begi, akataraji nimchinjie kuku. Nilimwuliza swali moja tu: alipokuwa mdogo, alinionea haya lini kwa mara ya kwanza? Akalia. Nilimwacha alie, kisha nikampa karai na manyoya mabichi, yenye kinyesi cha kondoo na miiba, nikamwambia ayaoshe kwa maji baridi hadi maji yatoke safi, ndipo ale. Alibadilisha maji mara saba. Alikula saa kumi jioni. Kesho yake nikamfundisha kuchambua, halafu kusokota. Uzi wake wa kwanza ulikuwa kama kamba ya kufungia mbuzi, nikautupa jikoni. Wa pili hadi wa tano vilevile. Majirani wamekuja kumtazama wakijifanya wanaazima chumvi. Mzee wa kanisa amekaa barazani kwa mama yake anasokota! Wamecheka, na mimi sikuwafukuza.

Siku ya tisa aliniambia hakujua kwamba kazi ina urefu huu. Nikamsogezea manyoya mengine. Nilikuwa na hasira bado, na ninayo hata sasa.

Kwenye begi ana mashada matatu ya uzi aliousokota mwenyewe. Rangi hazikulingana na za zamani, usijali. Nilipokuwa kwako nililikagua zulia mgongo na uso. Palipoliwa na dawa hapazibiki, paache palivyo, apaone kila akikaa kula. Ila yale matobo ya visigino yanashonwa, na nimemfundisha namna.

Simwombei. Nimemwambia nyumba ni yako na mlango ni wako. Ukiufungua sitajisifu, ukiufunga sitakulaumu, na akirudi huku karai lipo. Lakini ukimfungulia, mkalishe sakafuni na sindano kabla hujampa chai. Matobo ni kumi na manne. Akishona vibaya, fumua, aanze upya.

Selestina